Maumivu Yalianza Lini? Historia ya Kubashiri Matokeo ya Upasuaji wa Tumbo, Kutoka Mannheim Hadi Mara

Swali la kwanza ambalo daktari humuuliza mtu aliyeletwa hospitalini akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo ni swali la mwanahistoria kabla ya kuwa la tabibu: "Maumivu yalianza lini?" Nililisikia likiulizwa miaka kadhaa iliyopita katika hospitali moja ya mkoani Mara, ambako nilikuwa nimemsindikiza mjomba wangu, na namna lilivyojibiwa ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Mjomba alijibu, "Juzi." Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, kanga kiunoni, akasema kwa sauti ya chini, "Jumapili, daktari." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sikumlaumu mjomba. Mtu mzima aliyezoea kuvumilia hahesabu maumivu tangu yalipoanza. Huyahesabu tangu yalipomshinda. Kati ya Jumapili na siku aliyoiita juzi alikuwa amemeza vidonge vya duka la dawa, akanywa dawa ya mizizi aliyoletewa na jirani, kisha akasubiri siku ya mnada ili mbuzi auzwe, nauli ipatikane. Hakuna hata kimoja katika hayo kilichoingia kwenye faili lake. Kiliandikwa kitu kimoja tu: siku mbili.

Ndugu msomaji, udaktari wangu ni wa makaratasi. Hauwezi kushona hata kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni. Kwa upande wa tiba nimewategemea wenye fani na machapisho yao. Lakini hesabu wanazozitumia kubashiri nani atapona na nani hataamka baada ya kupasuliwa tumbo zina historia, na historia hiyo inatuhusu sisi tunaojadili siasa, bajeti na haki kuliko tunavyodhani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Tumbo la binadamu limefunikwa kwa ndani na utando mwembamba usiotakiwa kuguswa na uchafu wowote. Utumbo ukitoboka, au kidole tumbo kikipasuka, kinyesi, nyongo na vijidudu humwagika juu ya utando huo. Madaktari huuita ugonjwa huo peritonitisi. Tumbo hukakamaa kama ubao, homa hupanda, mapigo ya moyo huenda mbio. Na upasuaji ukichelewa, sumu huingia katika damu, figo zikaacha kutoa mkojo, shinikizo la damu likaanguka. Katika Kanda ya Ziwa vyanzo vikubwa vinajulikana: kidole tumbo kilichopasuka, vidonda vya tumbo vilivyotoboka, na homa ya matumbo, yaani taifodi, ambayo hutoboa utumbo mwembamba karibu na mwisho wake. Hiki cha mwisho ni ugonjwa wa maji na vyoo kabla ya kuwa ugonjwa wa tumbo. Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi, ziwa likiuzunguka karibu pande tatu, na yeyote aliyekulia huko anajua kwamba wingi wa maji na usalama wa maji ni vitu viwili tofauti.

Kwa karne nyingi ugonjwa huu ulikuwa hukumu, na haukuchagua ukoo. Mwezi Juni 1902 London ilikuwa imepambwa kwa ajili ya kumtawaza mfalme Edward wa Saba, sherehe ikiwa imepangwa tarehe 26. Siku mbili kabla yake mfalme alipasuliwa ndani ya kasri lake ili kutoa usaha uliokusanyika kwenye kidole tumbo, na utawazo ukasogezwa hadi Agosti 9. Mpasuaji, Frederick Treves, alikuwa amempoteza binti yake mwenyewe kwa ugonjwa huohuo miaka miwili kabla. Hapo utaona utabiri ulivyokuwa wakati ule: ulikaa katika macho, vidole na kumbukumbu ya daktari mmoja. Treves hakuwa na namba. Alikuwa na tumbo alilolishika kwa mkono wake na kaburi alilolikumbuka.

Mwaka 1926 mpasuaji wa Kijerumani Martin Kirschner alionesha kwamba vifo hupungua sana pale mpasuaji anapokitafuta chanzo cha uchafu, akakiziba au kukiondoa, na kuusafisha uvungu wa tumbo. Kanuni hiyo haijapinduliwa mpaka leo. Dawa za kuua bakteria zilikuja kuongeza nguvu miaka ya 1940, kisha vyumba vya uangalizi maalumu. Hata hivyo swali la nani atapona lilibaki mikononi mwa mazoea.

Waliotaka kulihamishia kwenye karatasi walipata taabu yao. Huko Boston mpasuaji Ernest Codman alidai, mwanzoni mwa karne iliyopita, kwamba kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa baada ya upasuaji, iandike matokeo na kuyatangaza, yakiwa mazuri au mabaya. Wenzake hawakufurahi. Mwaka 1914 alijiuzulu kutoka Hospitali Kuu ya Massachusetts, na kwa miaka mingi alionekana mkorofi. Namtaja kwa sababu watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanamjua Codman wao: yule mwenzao wa ofisini anayeuliza mbele ya mkuu kwa nini takwimu za robo mwaka hazina safu ya vifo.

Aliyefanikiwa zaidi alikuwa Virginia Apgar, mtaalamu wa usingizi, ambaye mwaka 1953 alichapisha alama zake za mtoto mchanga: rangi, mapigo ya moyo, kulia, misuli, pumzi. Hakuna wodi ya wazazi nchini mwetu isiyozijua alama hizo. Zimefika hadi vituo vya afya vya vijijini kwa sababu moja iliyo wazi: muuguzi anazihesabu kwa macho na masikio yake, bila maabara, katika dakika ya kwanza. Shikilia jambo hili, maana litaturudia.

Kwa upande wa tumbo, kazi kubwa ilifanyika Ujerumani. Wapasuaji wawili, Linder na Wacha, walipitia kumbukumbu za wagonjwa 1,253 waliotibiwa kati ya mwaka 1963 na 1979, wakachunguza mambo 20 yaliyodhaniwa kuathiri matokeo, wakabaki na manane. Hiyo ndiyo Faharasa ya Mannheim, iliyochapishwa miaka ya 1980. Umri unaozidi miaka 50 una alama 5. Kuwa mwanamke, 5. Kushindwa kwa kiungo kama figo au mapafu, au mgonjwa kuwa katika mshtuko, 7. Saratani, 4. Ugonjwa kupita saa 24 kabla ya upasuaji, 4. Chanzo kisichokuwa utumbo mpana, 4. Uchafu kuenea tumbo zima, 6. Majimaji yaliyomo tumboni, ikiwa ni safi 0, ikiwa yana usaha 6, ikiwa ni kinyesi 12. Jumla ya juu kabisa ni 47.

Mwaka 1994 watafiti wa Ulaya walikusanya wagonjwa 2,003 kutoka vituo saba wakaipima faharasa hiyo. Matokeo yalikuwa ya kuvutia: waliopata alama chini ya 21 walikufa kwa wastani wa asilimia 2.3; waliokuwa kati ya 21 na 29, asilimia 22.5, waliozidi 29, asilimia 59.1. Namba hizo tatu zimesafiri dunia nzima. Mwanafunzi wa udaktari anayetaka mada ya utafiti katika Afrika Mashariki, Asia au Amerika ya Kusini huzikuta zikimsubiri.

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 1934 mambo mawili yalitokea katika eneo tunaloliita leo Mkoa wa Mara. Wamisionari wa Kimenno walifika Shirati, karibu na mpaka wa Kenya, na kutokana na kazi yao ikakua hospitali inayotoa huduma mpaka leo. Mwaka huohuo mtoto wa miaka kumi na miwili kutoka Butiama, Kambarage Nyerere, alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma, kilomita arobaini na ushei kutoka kwao. Naviweka pamoja kwa makusudi. Barabara ileile aliyoifuata mtoto yule kwenda shule ndiyo ambayo mgonjwa wa tumbo kutoka Butiama hulazimika kuifuata kwenda mjini, na kwa miongo mingi tofauti yao ilikuwa kwamba mtoto aliweza kutembea.

Ukoloni wa Kiingereza ulijenga hospitali chache mijini na ukaiachia misheni sehemu kubwa ya vijijini. Ulituachia pia dhana. Denis Burkitt, mpasuaji mashuhuri wa Mulago kule Kampala, ambaye saratani ya taya za watoto inaitwa kwa jina lake, alikuja kushikilia kwamba kidole tumbo ni ugonjwa adimu kwa Mwafrika wa kijijini kwa sababu ya chakula chake chenye makapi mengi. Huenda alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa. Sina ugomvi na ugali wa mtama. Lakini mwanahistoria huuliza swali jingine: hospitali ilikuwa ikimhesabu nani? Mtu aliyepasuka kidole tumbo huko Majita au kisiwani Rukuba mwaka 1950 na kufa siku ya tano nyumbani kwake hakuwa adimu wala wa kawaida. Hakuwepo kabisa katika daftari.

Jina la Burkitt lilirudi Mara kwa njia nyingine, na hili wengi hawalijui. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa tambarare za Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani ile. Yaani mkoa wetu umewahi kuwa mahali ambapo maarifa ya tiba ya dunia yalitafutwa. Ninapotetea kwamba tunaweza kutengeneza vipimo vyetu wenyewe, sianzi kutoka sifuri.

Wakati wa Uhuru Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo kumi na wawili. Mwaka 1963 yakaanza mafunzo ya madaktari wasaidizi, watu waliotoka kwenye utabibu wa kawaida wakafundishwa zaidi, upasuaji ukiwemo. Mwaka 1964 ikaja ripoti ya Richard Titmuss iliyoelekeza nguvu kwenye vituo vya afya vya vijijini, na baada ya Azimio la Arusha mwelekeo huo ukawa sera. Sera hiyo naiheshimu. Iliokoa watoto wengi kwa chanjo na zahanati. Lakini tumbo lililotoboka haliponi zahanati. Linahitaji chumba cha upasuaji, taa isiyozimika, damu, oksijeni na mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi, na vitu hivyo vilibaki mbali. Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, kilomita 220 hivi kutoka Musoma, ikawa ndiyo rufaa ya Kanda ya Ziwa yote. Hospitali ya Kwangwa pale Musoma, ambayo leo ina jina la Mwalimu, msingi wake uliwekwa zama za utawala wake, ujenzi ukakwama, na vizazi viwili vikapita vikiyatazama maboma kabla haijaanza kutoa huduma katika miaka hii ya karibuni. Mwalimu mwenyewe alifia hospitalini London, Oktoba 14, 1999, akarudishwa Butiama kuzikwa.

Kwa muda mrefu, basi, mzigo wa upasuaji wa dharura wilayani ulibebwa na madaktari wasaidizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu upasuaji wa dharura wa uzazi katika mikoa ya Mwanza na Kigoma haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari kamili. Ni moja ya kurasa za historia yetu ambazo tunazisoma kwa haraka mno.

Bugando ndiko tunakopata kipimo kinachohusu watu wetu. Mwaka 2012 mpasuaji Phillipo Chalya na wenzake walichapisha uzoefu wao wa wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi, waliotibiwa kati ya mwaka 2006 na 2011. Walikufa asilimia 23.1. Vijana walikuwa wengi, na wanaume walizidi wanawake zaidi ya mara mbili. Mambo yaliyoambatana na kifo ni pamoja na kuchelewa kufika, kupewa dawa zisizotosha kabla ya kulazwa, kuingia hospitalini mgonjwa akiwa tayari katika mshtuko, maambukizi ya virusi vya UKIMWI na kinga iliyoshuka, kuchelewa kupasuliwa, na matundu mengi. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamechapisha habari za wagonjwa 84 wa vidonda vya tumbo vilivyotoboka. Huko vifo vilikuwa asilimia 10.7.

Naomba sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua kijana wa miaka 19 kutoka kijiji kimoja cha Bunda. Taifodi imemtoboa utumbo mwembamba siku nne zilizopita. Tumbo lote lina usaha, lakini figo bado zinafanya kazi na shinikizo la damu halijaanguka. Kwa Faharasa ya Mannheim: umri 0, jinsia 0, kiungo 0, saratani 0, muda 4, chanzo 4, kuenea 6, usaha 6. Jumla 20. Yuko chini ya 21, katika kundi ambalo Ulaya lilikuwa na vifo asilimia 2.3. Bugando, karibu mmoja kati ya wanne wa namna yake hakurudi nyumbani.

Nisieleweke vibaya. Wagonjwa wale 104 hawakuwa wote na alama 20. Wengine walifika wakiwa katika mshtuko, wengine kinyesi kilikuwa kimejaa tumboni, na hao alama zao zingepanda. Kulinganisha moja kwa moja ni kosa ambalo nisingelisamehe katika tasnifu ya mwanafunzi wangu. Lakini hata ukipunguza makali, jambo moja linabaki: faharasa ile inamwona kijana kuwa salama kwa sababu wagonjwa wa Ujerumani waliokufa kati ya 1963 na 1979 walikuwa wazee. Huko kifo cha tumbo kilikuwa cha babu mwenye saratani. Huku ni cha kijana mwenye nguvu za kulima, aliyekunywa maji machafu. Zile alama 5 za kuwa mwanamke nazo ni kumbukumbu ya kundi lilelile la wagonjwa, wala si sheria ya maumbile.

Tazama pia alama 4 za kupita saa 24. Mannheim kipengele hicho kiliwatenga waliochelewa na waliowahi. Ukikipeleka mahali ambapo karibu kila mmoja amechelewa, kila mmoja anapata alama zilezile nne, na kipengele hakitenganishi tena mtu na mtu. Aliyefika saa ya 26 na aliyefika siku ya sita wanasimama sawa. Kuchelewa, ambako ndiko kunakoua, kunageuka kuwa hali ya hewa, kitu kisichotajwa kwa sababu kiko kila mahali.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wanalijua lakini halisemwi vya kutosha kwa wanaopanga huduma. Chanzo, kuenea na aina ya majimaji, ambavyo kwa pamoja vinaweza kufikisha alama 22 kati ya 47, huonekana kwa hakika tumbo likishafunguliwa. Kwa hiyo faharasa haiwezi kumsaidia sana tabibu wa kituo cha afya anayejiuliza saa nane ya usiku ampeleke mgonjwa Musoma, amkimbize Mwanza, au asubiri alfajiri. Mizani nyingine iliyotoka Marekani mwaka 1985, APACHE ya pili, hudai vipimo kumi na viwili vya mwili, vingine vikiwa vya maabara ambavyo hospitali nyingi za wilaya hazivipati kila siku. Hapa namkumbuka mama Apgar. Karibu zaidi na roho yake ni mizani iliyochapishwa mwaka 2017 kutokana na takwimu za wagonjwa waliolazwa katika nchi sita za Afrika, Tanzania ikiwemo: joto, mapigo, pumzi, shinikizo la damu, oksijeni, fahamu, na hali ya virusi vya UKIMWI. Haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo peke yake, lakini muuguzi wa zamu anaweza kuihesabu.

Wapo watakaosema, basi tupate mizani nzuri na mambo yatanyooka. Historia ya karibuni inatuonya. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliohusisha hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika na wagonjwa 11,422 wa upasuaji wa kila aina. Wagonjwa walikuwa vijana na wenye hatari ndogo kuliko wa mabara mengine, lakini vifo vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, na zaidi ya tisa kati ya kila vifo kumi vilitokea baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa wodini. Watafiti wakatengeneza kikokotoo cha hatari. Kisha wakajaribu jambo lililoonekana la busara: wagonjwa ambao kikokotoo kiliwaona wako hatarini waangaliwe kwa karibu zaidi, kitanda kisogezwe karibu na meza ya wauguzi, vipimo viongezwe. Jaribio lilifanyika katika hospitali 332 za nchi 28, na matokeo yakatoka mwaka 2021. Vifo havikupungua.

Niliposoma matokeo hayo mara ya kwanza nilivunjika moyo. Mara ya pili nikaona kwamba yalitarajiwa. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini usiku hapati mikono mipya kwa kuambiwa kitanda namba saba kiko hatarini. Alikuwa anajua. Ubashiri bila oksijeni, bila damu, bila mtu wa pili wa zamu, ni kumjua atakayekufa mapema kidogo.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na sioni sababu ya kuificha. Ucheleweshaji tunaouandika "mgonjwa kuchelewa" una tarehe zake. Matibabu yaliyokuwa bure yakaanza kuchangiwa mwaka 1993. Mifuko ya afya ya jamii ikaja kuanzia 1996, bima ya watumishi ikafuata, na sheria ya bima kwa wote ikapitishwa mwaka 2023. Katikati ya tarehe hizo yupo mtu anayesubiri mnada. Tangu mwaka 2017 serikali imevipandisha hadhi vituo vya afya kwa mamia, vingi vikiwa na majengo ya upasuaji, hasa kwa ajili ya akina mama wanaoshindwa kujifungua. Ni hatua kubwa, na asiyeikubali haitendei haki nchi yake. Lakini jengo linalotosha kwa mama wa uchungu si lazima litoshe kwa utumbo uliooza, ambao huhitaji mpasuaji mwenye uzoefu zaidi na siku kumi za uangalizi baada ya nyuzi kufungwa. Mwaka 2018 Tanzania ilizindua mpango wake wa kitaifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi hadi mwaka 2025. Wanafunzi wangu wa sera za umma, huo ndio waraka wa kusoma, tena kwa kalamu nyekundu.

Matumizi halali ya mizani hizi, kwa maoni yangu, yako katika kuihoji hospitali na mamlaka zilizo juu yake. Ikiwa wagonjwa mia wenye alama za chini walitarajiwa kufa wawili na wamekufa ishirini, tofauti ile ya kumi na nane ina anwani. Iko kwenye barabara, kwenye benki ya damu, kwenye ikama ya wauguzi, kwenye maji ya kunywa. Kumtumia mgonjwa namba ileile kumwambia ndugu yake kwamba kitanda cha uangalizi apewe mwingine ni jambo jingine kabisa, na naogopa kwamba panapokuwa na uhaba matumizi haya ya pili hujipenyeza yenyewe bila kikao.

Mjomba alikuwa na miaka 58. Kidonda chake cha tumbo kilikuwa kimetoboka. Nilizihesabu alama zake baadaye sana, kwa kumbukumbu ya maelezo ya mpasuaji: 25, kundi la kati. Alipona, akarudi kijijini na kovu analolionesha kwa fahari isiyolingana na umri wake. Kijana aliyelazwa kitanda cha jirani hakupona. Sikuujua ugonjwa wake, wala sitaki kumfanya mfano wa lolote.

Nilirudi hospitali ile kwa kazi nyingine, na kwa ruhusa ya mkuu wake nikaliangalia daftari la chumba cha upasuaji. Limepigwa mistari kwa rula, mwandiko mzuri: tarehe, jina, umri, kijiji, ugonjwa, aina ya upasuaji, mpasuaji, aliyetoa dawa ya usingizi. Nilitafuta safu ya siku maumivu yalipoanza na safu ya mgonjwa alitokaje wodini. Hazikuwepo. Muuguzi aliyekuwa nami akaniambia kwamba pembeni kuna nafasi, wakitaka wanaweza kupiga mistari mingine miwili.